Waya wa Toribio

Huku mjini hewa imeota magugu.
Taa za ngazi, chaja za wapangaji,
mashine ya kufulia ya ghorofa ya tatu,
zote zimeingia ndani ya redio yangu, zinanguruma,
na mimi niliyekaa miaka thelathini na mmoja
kwenye ubao wa simu wa posta ya Jujuy,
nikiunganisha watu kwa vidole,
siwezi tena kumsikia yeyote wa mbali.

Shemeji Nazario akasema: Basi tulihamishe sikio,
wewe ubaki na kiti chako.

Tukapanda nalo. Mita elfu tatu na mia nane,
kwenye ua wa mawe alioniachia Evaristo,
ambako hakuna nguzo ya umeme
wala mtu aliyewahi kuiomba.
Paneli mbili za sola tuliziegemeza zitazame kaskazini,
kwa kuwa jua letu hupitia huko,
na pembe yake Nazario aliipima
kwa uzi na kokwa la parachichi.
Betri tuliifunga blanketi la sufu, kama kitoto:
usiku wa kule hugandisha hata salamu.
Kipokezi kikaingia kwenye bati la biskuti.
Waya wa antena, mita sitini, kutoka mlingoti hadi jabali.
Lama walikuja kukagua.
Mmoja aliutemea mate.
Nikaihesabu baraka.

Makosa hayakutusahau.
Wiki ya kwanza fyuzi iliungua,
nilikuwa nimebishana na rangi za waya.
Wiki ya tatu vumbi la chumvi lilizipaka paneli utando,
betri ikakata roho saa tisa usiku,
nikaendesha gari saa nne nzima
kwenda kufuta vioo viwili kwa skafu yangu.

Kisha usiku mmoja, jikoni, dengu zikichemka,
nikavaa vipokea sauti, nikafungua.

Kimya.
Nilikuwa nimesahau kimya kina kina gani.
Na huko chini kabisa, nukta na vistari:
mtu wa Hokaido anamwuliza mtu wa Arekipa
kama kwake kunanyesha.

Na nyuma yao: tik.
Tik.
Tik.

Uzio wa Toribio Quipildor, akasema Nazario,
ule wa umeme, wa kuzuia puma. Kilomita mbili tu.
Nikampigia simu. Toribio, kaza viungo vya waya wako,
unanidonoa masikio.
Akacheka. Akasema kondoo hawajalalamika,
ila akipata nafasi atatazama.

Kipo kitufe cha kufuta mdundo wa namna hiyo.
Nilikipata, nikakitumia siku mbili.
Halafu nikakiacha, sijui kwa nini.
Mtu huzoea, akimenya viazi,
kuwa na anayegonga.

Julai, baridi ya kupasua mawe,
Hokaido ilisikika kama jirani wa ukuta mmoja.
Kila kituo safi.
Safi mno.
Nikahesabu mpaka mia. Nikahesabu tena.
Hakuna aliyegonga.

Simu yake iliita mpaka ikachoka.
Nikamwamsha mwalimu wa shule ya bweni, mwenye pikipiki,
nikamwomba radhi, nikamwomba aende.

Alimkuta ameketi kando ya kisanduku cha uzio,
nyonga imevunjika, koleo mkononi,
ngozi ya kondoo mabegani,
anamwambia mbwa asilale, asilale.
Alikuwa amezima umeme jioni
ili akaze viungo.
Kama nilivyomwomba.

Hilo sijamwambia mtu, nawaambieni nyinyi.

Sasa yuko kwa bintiye Palpalá, anatembelea gongo,
analalamika chakula hakina chumvi.
Uzio ameuwasha mjukuu wake, Elvio.
Aliniuliza juzi: Bibi, kiungo kile bado kimelegea,
nikikaze?

Nikamwambia akiache.